Ijumaa za Kukandwa

Nilirudi kucheza netiboli nikiwa na watoto watatu na miaka thelathini na minne, na sikurudi kwa kupenda. Shule niliyofundisha ilikuwa pembeni mwa mji wa Kitui. Mwalimu mkuu wetu, mama mrefu asiyependa kukatizwa maneno, alikuwa ametakiwa kutoa walimu wawili wa kike wa kuichezea timu ya walimu wa wilaya. Alisimama mlangoni mwa chumba cha walimu akatutazama mmoja mmoja, macho yakatua kwangu.

"Wewe ulicheza chuoni."

"Hiyo ni zamani, mwalimu."

"Kwani mikono ilikatwa tangu zamani hiyo?"

Nikacheka. Yeye akachukua kicheko changu kuwa ni ndiyo, akaandika jina langu.

Ulikuwa mwaka ule mbaya wa miaka ya themanini, mvua zilipokosa kuja mara mbili mfululizo tukawa tunakula mahindi ya njano ya msaada, yale yaliyotoa harufu ya gunia hata yakipikwa siku nzima. Mifereji ya mji ilikuwa haitoi kitu isipokuwa hewa. Maji tuliuziwa na mikokoteni ya punda, na siku ambayo punda hawakupita nilichukua mtungi nikaenda kupanga foleni kisimani kabla ya kwenda shuleni. Mume wangu alikuwa karani katika ofisi moja ya serikali. Alikuwa mtu mpole, hakuwahi kuninyanyulia mkono wala sauti, lakini alipofika nyumbani jioni alivua viatu akakaa, na mimi nilipofika nyumbani jioni sikukaa. Hivyo ndivyo tulivyokuwa, na sikumbuki kama kuna siku tuliona ni jambo la kuzungumza.

Mama mkwe wangu naye alikuwa nasi. Alitoka kwake, mbali kule upande wa Tseikuru, baada ya mbuzi wake kufa mmoja mmoja hadi zizi likabaki na wanne. Aliwaacha wale wanne kwa shemeji yake akaja kwetu na begi moja, akalala chumba kimoja na watoto. Hakuwa mkali. Lakini alikuwa mtu wa kuamka kabla yangu, na ukiamka ukamkuta mama wa mume wako tayari anafagia uwanja, huwezi kurudi kulala.

Mazoezi yalikuwa Ijumaa baada ya shule. Kocha wetu alikuwa mwalimu wa kiume wa shule jirani, mwenye filimbi mpya. Wiki ya kwanza nilifurahi. Miguu ilikumbuka yenyewe mahali pa kwenda, na nilipodaka mpira juu ya vichwa vya wengine nilijisikia kama msichana wa chuo. Wiki ya tatu, Jumamosi asubuhi, niliinama kuwasha jiko nikashindwa kuinuka. Mgongo ulishika kama mlango uliovimba kwa maji. Nilibaki pale chini, kiberiti mkononi, hadi mama mkwe akaja kuniinua kwa makwapa.

"Mtu hukimbia akifukuzwa," akaniambia kwa Kikamba. "Wewe nani anakufukuza?"

Jumatatu, mwalimu mwenzangu wa darasa la kwanza, mama mtu mzima, aliniona nikiandika ubaoni huku nimeushika ukuta. Akanivuta kando. Akaniambia nyuma ya msikiti kuna mama anayekanda wanawake waliojifungua. "Amenikanda kwa uzazi wa watoto wote watano," akasema. "Mwambie mimi nimekutuma. Na ubebe maji yako, siku hizi hana."

Ijumaa nilicheza nusu mchezo, kisha nikaenda. Kwenye mkoba wa michezo nilikuwa nimetia mtungi wa lita tano, na bega lilikuwa limeanza kuuma kabla sijafika. Nyumba ilikuwa ya mabati, na mbele kulikuwa na baraza ya simenti iliyopakwa rangi nyekundu ikang'arishwa hadi unaogopa kuikanyaga. Mwenyewe alikuwa mama mnene kiasi, wa miaka sitini hivi, leso moja kiunoni na nyingine kichwani. Watu wake walikuwa wa pwani. Babu yake alikuja na biashara zamani sana akaoa Kitui akabaki, na wao wakazaliwa hapa, lakini Kiswahili chao kilibaki kitamu kama cha redioni. Changu cha shuleni kilimchekesha.

Alinitazama tumbo kwanza. "Umejifungua lini?"

"Sijajifungua, mama. Nimecheza netiboli."

"Nini?"

Nikamweleza. Mpira, wavu, walimu wa wilaya. Akanisikiliza hadi mwisho, mkono kidevuni.

"Yaani mwafanya kazi mchana kutwa, kisha mwaenda kujichosha kwa makusudi?"

"Ndiyo."

"Haya, ingia."

Chumba cha kukandia kilikuwa nyuma, kidogo, na dirisha lake lilikuwa limefunikwa kwa kanga kuukuu. Chini kulikuwa na godoro jembamba na mkeka juu yake. Alichukua maji yangu akayapima kwa jicho, akayagawa: mengi akayaweka motoni kwenye sufuria pamoja na majani ya mkaratusi, kidogo akaacha kando. Alinikalisha kwenye kigoda akanitia miguu katika karai la maji ya moto yenye chumvi. Yalikuwa moto kweli. Nikavuta miguu, naye akaishika vifundo akairudisha.

"Hesabu hadi kumi. Ukifika kumi utayapenda."

Nikahesabu. Sijui kama nilifika kumi. Baadaye alinilaza kifudifudi, akachovya kitambaa kizito katika yale maji ya majani, akakikamua, akakibandika kiunoni, na joto likaingia ndani hadi mahali nilipokuwa sijui kama ninapo. Alirudia hivyo mara nyingi. Kisha akapaka mafuta ya nazi, ambayo alisema ndugu zake humletea kutoka Mombasa, akaanza na dole gumba pembeni mwa uti wa mgongo, kutoka chini akipanda polepole.

"Mtoto wambeba upande wa kushoto," akasema.

"Ndiyo."

"Na mkono huu ndio waandikia. Bega lake liko juu kuliko lenzake." Akateremka tena kiunoni, akakuta mahali fulani akasimama hapo, akabonyeza. Nikalia. Sikulia kwa maumivu peke yake, na yeye hakuniuliza nalilia nini. Aliendelea kukanda kama mtu anayeukanda unga ambao bado haujalainika.

Nililala usingizi. Aliniamsha kwa kunigusa unyayo, akaniambia adhana imekaribia na anataka kutawadha. Shavu langu lilikuwa limelowa mate kama la mtoto. Sikuwa nimelala mchana tangu mtoto wangu wa mwisho azaliwe.

Basi ikawa desturi. Ijumaa nikitoka uwanjani nilipitia kwake, na nyumbani nilifika kabla ya giza nikinukia nazi na mkaratusi. Mume wangu aliuliza mara moja tu. Nikamwambia wachezaji hupakwa dawa ya misuli. Ilikuwa nusu ya ukweli, na ilimtosha, kwa sababu michezo ilikuwa imekuja na barua ya wilaya yenye mhuri. Nami nililijua hilo. Jambo lenye mhuri mtu hakatazwi. Lakini sikuwahi kufikiri ningeweza kusimama sebuleni nikasema, Ijumaa nitakwenda kulala chini kwa mama mmoja, anisugue mgongo kwa saa nzima, nyinyi mjipikie. Neno lenyewe la kuanzia nisingelipata.

Kisha tukaenda kucheza na walimu wa mji wa Wote. Tulisafiri alfajiri kwa lori la shule tukiwa tumekalia madawati, na tulipofika miguu ilikuwa imekufa ganzi. Robo ya tatu niliruka kudaka mpira, nikatua juu ya mguu wa msichana wa upande wa pili, goti likageuka. Nilisikia mlio mdogo, kama njugu inapasuliwa. Wakanitoa wakanikalisha kivulini, na mahali pangu akaingia mwalimu kijana aliyetoka chuoni mwaka huo huo. Alicheza vizuri sana. Nilimtazama kwa nusu saa nikiwa na goti mkononi, na kabla filimbi ya mwisho haijalia nilijua mambo yangu yamekwisha.

Kocha alinipa heshima yangu. Ijumaa ya kwanza baada ya Wote aliniambia nipumzike. Ijumaa ya pili pia. Ya tatu alinijia akiwa amekunja mikono nyuma.

"Mwalimu, sijui nikuambieje."

"Usiniambie," nikasema. "Nimeona."

Nilikifungua kile kitambaa cha kifuani chenye herufi za nafasi yangu, nikampa. Nilitoka uwanjani nikichechemea kidogo, na miguu ikanipeleka nyuma ya msikiti.

Nyumbani sikusema kitu. Sikupanga kudanganya. Niliona tu kwamba sitasema jioni ile, kisha nikaona sitasema kesho yake, na Ijumaa ilipofika nilivaa sketi ya michezo chini ya gauni langu la shule kama kawaida, nikatia mtungi wa maji ndani ya mkoba, nikaaga. Nilifanya hivyo wiki baada ya wiki, karibu muhula mzima. Jambo ninaloona haya kulisimulia ni hili: kabla sijafika nyumbani nilikuwa nasimama pembeni mwa njia, nazikanyagisha raba zangu kwenye vumbi, mguu huu kisha huu, zionekane zimetoka uwanjani. Mwanamke mzima, mwalimu wa darasa la nne.

Mkandaji aligundua kabla ya wote. Siku moja alinishika shingo akaacha kukanda.

"Leo hujatoka jasho."

Nikaficha uso mkekani.

"Na Ijumaa iliyopita hukutoka. Goti limepoa, nalijua kwa mkono. Mpira huchezi tena?"

"Siku nyingi, mama."

"Nyumbani wanajua?"

"Hawajui."

Nilingoja anifukuze, au anipe mawaidha. Yeye akachukua mtungi wangu, akamimina maji safi yaliyosalia ndani ya sufuria ya kupikia.

"Basi tusitumie mengi," akasema. "Vumbi huna. Haya mengine nitapikia."

Akaendelea na shingo.

Mwisho wake ulikuja kwa njia rahisi tu. Kocha alikutana na mume wangu posta, akamsalimu, akamuuliza hali ya goti langu. "Mwambie asitusahau," akamwambia. "Tangu aache kucheza hatujamwona uwanjani." Alimaanisha mema.

Ijumaa ile nilipofika nyumbani mume wangu alikuwa amekaa, lakini viatu hakuvua. Jua lilikuwa halijazama. Mama mkwe alikuwa nje, anatwanga mahindi ya kupikia muthokoi, watoto wamemzunguka. Nilipoweka mkoba chini mume wangu aliutazama, akatazama raba zangu, akainua macho.

"Umetoka wapi?"

"Mazoezini."

"Nimeongea na kocha wako."

Kule nje mchi ulikuwa bado unalia kinuni. Nikakaa kwenye kiti kilicho karibu na mlango, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza mwaka ule kukaa saa kama ile.

"Ijumaa unakwenda wapi?" akauliza tena.

"Kulala."

Uso wake ulibadilika, nikaona jinsi neno lilivyomfikia. "Kulala wapi? Kwa nani?"

"Kwa mama mmoja nyuma ya msikiti. Ananikanda mgongo. Akinikanda nashikwa na usingizi."

"Muhula mzima?"

"Muhula mzima."

"Nipeleke nikamwone."

Mchi ulikuwa umenyamaza. Tulitoka, tukampita mama yake, tukaenda, yeye mbele hatua mbili, mimi nyuma na goti langu. Sikumkasirikia. Nilikuwa nimechoka mno hata kukasirika, nilitaka tu tufike tumalize nirudi nikapike. Mkandaji alikuwa barazani anachambua mchele. Mume wangu alimwamkia kwa heshima. Mtu anaanzaje kuuliza?

"Mama, huyu... huyu huwa anakuja hapa?"

Mkandaji alimtazama, akanitazama mimi, akaelewa yote.

"Mkeo huyu? Huja kila Ijumaa. Nikianza mabegani, kabla sijafika kiunoni ameshakoroma. Siku nyingine nakanda gogo." Akarudi kwenye mchele wake. "Karibuni mketi."

Hatukuketi. Njiani kurudi tulitembea sambamba. Tulipofika karibu na nyumba mume wangu alisimama.

"Ungeniambia tu kwamba umechoka."

"Ningekuambia, ungefanya nini?"

Alifikiri kweli. Alisimama pale akifikiri, mikono mifukoni, na namheshimu kwa kuwa hakutoa jibu la haraka. Lakini watoto walikuwa wametuona wakaja mbio. Tukaingia ndani. Nilivaa leso nikabandika sufuria.

Asubuhi, ambayo ilikuwa Jumamosi, mama mkwe alinikuta nafua. Alisimama kwa muda akinitazama nikikamua mashati. Nilijua alisikia kila kitu, nikajiandaa kuambiwa jinsi wanawake wa zamani walivyobeba maji na kuni na mtoto mgongoni wasikandwe na mtu.

"Huyo mama," akasema. "Anakanda na wazee?"

"Sijui, mwaitu," nikasema, nikimwita mama kwa Kikamba. "Nafikiri anakanda."

"Ijumaa nipeleke."

Nikampeleka. Maji tuliyabeba kwa zamu. Nilikuwa nahofia watazungumzaje, kwa kuwa mama mkwe hakuwa na Kiswahili cha kutosha hata kununua chumvi, lakini mkandaji alimwamkia kwa Kikamba kizito kuliko changu, kile cha wazee, akimuuliza habari za mifugo na za mvua kama watu wa kijiji kimoja. Mama mkwe alikataa kuvua nguo ya juu. Alikubali kukaa kwenye kigoda na kutia miguu ndani ya karai. Nyayo zake zilikuwa na nyufa ambazo sarafu ingeweza kuingia ikasimama.

"Maji yote haya ni ya miguu?" akauliza.

"Ni ya miguu."

"Mbuzi wawili wangekunywa wakashiba."

"Mbuzi hawapo hapa, mama. Tulia."

Mkandaji alikaa chini mbele yake, akauchukua mguu mmoja akauweka pajani mwake, akaanza kuusugua kisigino kwa jiwe, kisha kuupaka mafuta na kuukanda, kidole hadi kidole. Mama mkwe alikuwa anatazama dirisha lililofunikwa. Baada ya muda akasema, bila kumwambia mtu hasa, kwamba mguu huu haujashikwa na mtu mwingine tangu mama yake alipouchomoa mwiba, naye akiwa msichana mdogo. Hakulala usingizi kama mimi. Alikaa macho wazi hadi mwisho, kama mtu asiyetaka kukosa kitu. Tulipotoka alitembea polepole sana, anakanyaga kwa uangalifu, na nilipomuuliza kama anaumwa akasema hapana, ni kwamba ardhi anaisikia.

Mvua zilikuja mwisho wa mwaka. Mama mkwe alirudi kwake na hakukanyaga mjini tena, ila kila nilipokwenda kumwona aliniuliza habari za yule mama kwanza, ndipo akauliza habari za mwanawe. Netiboli sikucheza tena. Mume wangu hakulizungumza jambo lile hata mara moja. Kwa miezi kadhaa, Ijumaa alirudi mapema akakaa na watoto, na siku mbili hivi nilikuta amechemsha chai. Baadaye akaanza kusahau, nami sikumkumbusha. Nilienda nilipoweza, na nilipokosa nafasi sikuenda. Miaka miwili mbele mkandaji alihamia Mombasa kwa binti yake, kwani vidole vyake vilikuwa vimeanza kukunjika na kukataa kunyooka.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilihamishiwa shule moja karibu na Wote, nikiwa naibu wa mwalimu mkuu. Kazi ilikuwa ya kukaa zaidi, lakini mgongo haukujua tofauti. Nikauliza sokoni kama kuna mtu anayekanda. Wakanionyesha mzee mmoja nyuma ya safu ya wauza mahindi, fundi wa mifupa, aliyesifiwa kwa kuunga miguu ya watu walioanguka miembeni. Alikuwa na benchi, chupa ya mafuta na vipande vya mbao vya kufungia. Nikaketi mbele yake.

"Umevunjika wapi?" akaniuliza.

"Sijavunjika."

"Umeteguka?"

"Hapana, mzee. Nataka kukandwa tu. Mwili mzima."

Alinitazama kwa makini, akanishika kifundo cha mkono akakizungusha huku na huku, akakiachia.

"Mama, wewe uko mzima," akasema. "Nenda nyumbani."

Nikamshukuru, nikanunua nyanya, nikaenda nyumbani.